Jina Lilifika Kabla ya Wajumbe

Wanaosimulia mwaka 2002 siku hizi huanzia Desemba, Mwai Kibaki akiapishwa kwenye kiti cha magurudumu. Mimi huanzia Julai. Mwezi huo ndipo magazeti yalipoanza kuniishia mezani kabla ya saa tatu asubuhi, na Kombe la Dunia lilikuwa limeshakwisha, kwa hiyo haikuwa mpira.

Nilikuwa muuza magazeti Nairobi, kando ya bustani ya Jeevanjee, upande wa Moi Avenue. Meza yangu ilikuwa ubao juu ya kreti mbili za soda. Wateja walikuwa wa aina mbili, wa kununua na wa kukodi. Wa kukodi alikupa shilingi chache, akalisoma gazeti palepale amesimama, akalirudisha limekunjwa kama lilivyokuwa ili lipate kuuzwa. Hao ndio waliokuwa wengi, na ndio waliokuwa na maneno. Anayenunua huliweka kwapani akaenda zake kazini. Anayekodi husoma huku mwenzake amechungulia begani, na ukurasa haufunguliwi mpaka wote wawili wamemaliza kubishana juu ya ule wa kwanza. Wakizidi kunijazia meza niliwafukuza waende ndani ya bustani, kwa wenzao wa Bunge la Mwananchi, waliokuwa wakikaa kwenye mabenchi mchana kutwa wakijadili nchi bila mshahara wala marupurupu.

Kwa vijana ambao hawakuwapo, nieleze kidogo. Daniel arap Moi alikuwa rais tangu 1978. Vyama vingi viliporudi, katiba ilimwekea rais vipindi viwili, na vyake viwili vilikuwa 1992 na 1997. Mara zote mbili alishinda bila kufikisha nusu ya kura: asilimia 36 hivi mara ya kwanza na 40 hivi mara ya pili, wapinzani wakigawana zilizobaki. Kwa hiyo mwaka 2002 ilibidi aondoke, na swali lilikuwa nani ataachiwa chama chake, KANU. Mnamo Machi 18 chama cha NDP cha Raila Odinga kiliungana na KANU pale Kasarani, Raila akawa katibu mkuu. Makamu wenyeviti wakawa wanne: Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Profesa George Saitoti, makamu wa rais wa nchi, aliachwa nje ya orodha mchana kweupe, akabaki kusema kwamba hufika wakati taifa likawa muhimu kuliko mtu mmoja. Maneno yale yalirudiwa mezani kwangu kwa wiki nzima, wengine wakimwigiza sauti.

Halafu Julai, Moi akamtaja hadharani anayemtaka: Uhuru.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hakununua gazeti hata siku moja, alizihesabu ngazi kwa vidole. Mwaka 1997 kijana amegombea ubunge Gatundu Kusini kwao akaangushwa. Oktoba 2001 anateuliwa kuwa mbunge bila kupigiwa kura. Haupiti muda ni waziri. Machi ni makamu mwenyekiti wa chama. Julai ni mrithi wa rais. "Nimefanya kazi reli miaka thelathini," akasema, "sijaona behewa likipandishwa mlima hivi bila injini nyuma."

Wengine walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na kachumbari hakucheka. Aliuliza, "Kwani huyu kijana ametukosea nini?" Nikafikiri atatetewa na mtu, maana swali lilikuwa la haki. Kijana wa kuosha magari ndiye aliyejibu: "Hajatukosea, mama. Ila mbona hatukuulizwa?"

Jibu lile nimelibeba mpaka leo, kwa sababu nimesoma baadaye makala nyingi za wataalamu wakieleza kwa nini Uhuru alikataliwa: umri, jina la baba, utajiri, uzoefu mdogo. Yote yalisemwa, sikatai. Umri wake, miaka arobaini, KANU waliufanya hata kuwa sifa, wakamnadi kama mgombea wa kizazi kipya. Ila kwa wasomaji wangu wa kusimama hayo yalikuja baadaye, kama mtu anayetafuta sababu za kukataa posa aliyokwisha kuikataa. Moi alikuwa amemsifu kwamba ni kijana anayeweza kuongozwa. Nadhani alidhani anamjengea jina. Kwa watu waliokuwa wamechoka kuongozwa na Moi kwa miaka ishirini na minne, sifa ile ilimmaliza. Wakamwita mradi, na jina likaganda.

Agosti baadhi ya makamu wenyeviti na katibu mkuu wakaanza kuasi, wakajiita Rainbow. Saitoti akafutwa kazi ya umakamu wa rais. Mudavadi alisimama na waasi, kisha akarudi kwa Moi. Kila asubuhi nilikuwa nikifungua mzigo wa magazeti kabla ya kupambazuka, nikisoma vichwa vya habari kwa mwanga wa taa ya barabarani, na nilijua kwa kuangalia picha tu siku hiyo nitauza kiasi gani. Picha ya Moi na Uhuru wakiwa jukwaani pamoja iliuza. Watu walinunua ili wakasirike vizuri.

Sasa nifike Jumatatu ya Oktoba 14.

Siku hiyo Nairobi ilikuwa na mikutano miwili. Kasarani, wajumbe wa KANU kutoka nchi nzima walikuwa wamekusanywa kumpitisha mgombea. Uhuru Park, Rainbow na wapinzani wa zamani walikuwa wameita umma. Mimi nilifunga meza mapema nikaenda Uhuru Park kwa miguu. Kasarani nilikuwa na mtu wangu pia, bila kujua: Mjomba, ndugu wa mama yangu, mwenyekiti wa KANU wa lokesheni yetu huko Kilifi, alikuwa ameletwa na basi pamoja na wajumbe wenzake usiku wa kuamkia siku hiyo.

Uhuru Park sitaieleza sana, imeelezwa na kila mtu, na kwa hesabu ya waliojidai walikuwapo, bustani ile ingehitaji kufika Athi River. Nitasema hili tu. Watu walikuwa hawajui nani atatajwa. Karibu yangu kulikuwa na waliotaka Saitoti, waliotaka Raila mwenyewe, na mmoja aliyekuwa amebeba picha ya Kalonzo kwenye fimbo. Raila aliposimama akasema maneno mawili, Kibaki tosha, yule wa Kalonzo alikaa kimya kidogo, akaiangalia picha yake, kisha akaipa mtoto wake akaanza kupiga makofi. Kibaki mwenyewe hakuwa mtu mpya wala mkali. Alikuwa miongoni mwa waliojenga KANU, akawa makamu wa Moi kwa miaka kumi, akashindwa naye 1992 na 1997. Na ndiye aliyewahi kusema kuing'oa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Lakini pale bustanini hakuna aliyekuwa akipima sifa. Walikuwa wameshapata mtu mmoja wa kumpigia kura, jambo walilolikosa mara mbili.

Nilirudi chumbani kwangu Kariobangi jioni, nikamkuta Mjomba ameketi kwenye kreti mlangoni, beji ya ujumbe bado iko kifuani. Alikuwa ametoroka walikolazwa wajumbe wa mkoa wetu akaja kulala kwangu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, tukaingia. Nikamuuliza mbona kichwa wazi, maana Mjomba hakuvua kofia yake ya jogoo wa KANU hata msikitini mpaka afike kwenye mkeka. Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Makanga wa matatu," akasema. "Ameniambia, mzee, hiyo kofia italipa nauli yake peke yake. Gari zima likacheka. Nikaona bora niivue."

Niliwasha jiko la mafuta nikaweka chai. Nikamuuliza mambo ya Kasarani. Akasema chakula kilikuwako.

"Na uchaguzi, Mjomba?"

"Uchaguzi upi? Waliotaka kushindana wote walikuwa kwenu Uhuru Park. Aliyebaki alibaki mmoja. Tuliulizwa, tukaitikia, tukapiga makofi. Jina lilifika kabla ya wajumbe."

Nikamuuliza kama yeye aliitikia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama anapumua. Akanikumbusha mlolongo wa 1988. Mwaka ule wapiga kura wa KANU walipangwa mstari nyuma ya mgombea au wakala wake, mbele ya macho ya chifu, na aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri kufuata. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya mtu aliyempenda, na mstari wao ulikuwa mrefu hata ukapinda kona ya shule, na waliotangazwa washindi walikuwa wa mstari mfupi. Baada ya hapo leseni ya duka lake ilichukua mwaka mzima kupatikana. "Tangu siku hiyo," akasema, "mimi nikiitwa mahali pa kuonwa, huonwa na wenzangu."

Kisha akaniambia jambo ambalo halikuandikwa katika gazeti lolote nililouza. Basi lao lilipokuwa linapita Voi usiku, taa za ndani zikiwa zimezimwa, wajumbe walikuwa wakizungumza. Na katika giza lile, wengi wa waliokuwa wakienda kumpitisha Uhuru walikuwa wakisema kwamba hawatampigia kura. Hawakusema kwa hasira. Walisema kama watu wanaopanga safari mbili tofauti. Oktoba ni ya chama, Desemba ni yangu.

"Na wewe, Mjomba?"

"Mimi nitampa yule kijana kura yangu," akasema. "Nimemwona leo kwa karibu. Hana baya. Tena nimeitikia. Sipendi kuitikia kitu halafu nikakigeuka." Akanywa chai. "Lakini atashindwa. Hilo hata makanga analijua."

Nilianza kumsimulia Uhuru Park, jinsi umati ulivyopokea jina la Kibaki. Nilikuwa bado nina moto wa mkutano, sauti imenikauka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyetoka kupiga makofi Kasarani.

"Na nyinyi mlipiga kura?"

Nikasema umma ulikubali.

"Sisi pia tulikubali. Nimekuuliza, mlipiga kura? Mlipewa majina matatu, manne, mkachagua?"

Nikanyamaza, kwa kuwa jibu alilijua. Mtu mmoja alikuwa amesimama akataja jina, na sisi tukapiga kelele. Simeon Nyachae aliona hivyohivyo na hakukubali. Alikwenda zake na Ford-People akagombea peke yake, akaambulia kama asilimia sita. Mezani kwangu alitukanwa kwa miezi miwili kwamba anaharibu. Mimi nilimwonea huruma kimoyomoyo, ingawa kura sikumpa.

Siku nane baada ya Uhuru Park viongozi wakatia saini mkataba wa maelewano wa kugawana vyeo, na muungano wao, NARC, ukaenda kwenye uchaguzi nao. Umma haukuuona mkataba ule wala haukuuulizia. Tulikuwa na haraka.

Kampeni naziruka. Kura za maoni zilimweka Kibaki mbele kwa mbali, na wauzaji wenzangu wa River Road walikuwa wakisema hawahitaji kura za maoni, wanahesabu fulana. Vijana wakaimba Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji kila kona. Desemba 3 Kibaki akapata ajali ya gari karibu na njia panda ya Machakos, akapelekwa London, na wenzake wakaendelea kumfanyia kampeni kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba uchaguzi ule haukuwa wa kumpata Kibaki. Mgombea alikuwa kitandani ng'ambo na kura zake hazikupungua.

Kuna jambo moja la utaratibu ambalo lilifanya yote yawezekane, na watu hulisahau. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, kura zilihesabiwa palepale kituoni badala ya masanduku kusafirishwa. Desemba 27 Mjomba alikuwa wakala wa KANU kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao. Alinisimulia baadaye jinsi msimamizi alivyokuwa akiinua karatasi moja moja mbele ya taa ya karabai, akilitaja jina, na mawakala wakichora vijiti kwenye daftari. Vijiti vya Kibaki vikavuka ukurasa. Vya Uhuru vilipokwisha, Mjomba alivihesabu tena, kwa sababu vilikuwa vichache kuliko wanakamati wa KANU aliokuwa akiwajua kwa majina katika lokesheni ile. Wengine kati yao walikuwa wamepanda naye lile basi. Mke wake, alikiri akicheka, naye hakuwemo.

Nchi nzima ilikuwa hivyo: Kibaki asilimia 62, Uhuru 31, viti 125 vya NARC dhidi ya 64 vya KANU. Mudavadi, aliyefanywa makamu wa rais Novemba, alipoteza hata kiti chake cha Sabatia.

Uhuru alikubali kushindwa bila vurugu, na hilo hakusifiwa vya kutosha wakati ule. Desemba 30 nilikuwa tena Uhuru Park. Watu walimzomea Moi, wakaimba wimbo wa kanisani walioutia jina lake kwa kejeli, wengine wakarusha matope. Sikupenda. Mzee alikuwa amekosea mengi, lakini siku ile alikuwa amekuja kukabidhi nchi, na tulikuwa tukiwajua majirani ambao hawajawahi kuiona siku kama hiyo.

Miezi michache iliyofuata nchi ilikuwa na furaha ya ajabu. Abiria waliwakamata polisi wa kupokea hongo barabarani wakawapeleka kituoni wenyewe. Kisha ule mkataba ambao hatukuuliza ndani yake mna nini ukaanza kubishaniwa. Waliotia saini wakasema hawakutimiziwa. Kufikia kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 walikuwa wamegawanyika kambi mbili, na kambi hizo ndizo zilizokutana tena Desemba 2007. Ghasia zilizofuata uchaguzi huo zinajulikana. Meza yangu ilichomwa, na nikarudi Pwani.

Mara nyingi vijana huniuliza, kama Uhuru alichukiwa hivyo, mbona alishinda 2013? Huwaambia hakuchukiwa. Mwaka 2013 alikuja na chama alichokiongoza mwenyewe, na watu waliompenda walimpenda kwa hiari yao, na waliompinga walimpinga yeye. Akapata asilimia 50 na vijisehemu kidogo. Mjomba, aliyempa kura 2002 aliposhindwa, mwaka huo alimpa Raila, kama wengi wa Pwani. "Safari hii sikuitikia popote," akaniambia.

Ajabu ilikuwa 2022. Uhuru sasa ndiye rais anayeondoka, na yeye naye akamshika mkono anayemtaka, Raila, mtu ambaye miaka ishirini kabla alikuwa amevunja KANU kwa sababu hiyohiyo. Upande wa William Ruto, ambaye 2002 alikuwa kambi ya Uhuru, ukaitoa kabatini lugha ya mradi ukaivaa upya. Wajumbe wa vyama wakaitwa Nairobi, wakavishwa beji, wakapiga makofi. Raila alikuwa na wafuasi wake wa miaka mingi na hakuhitaji kubebwa na mtu. Alishindwa na Ruto kwa tofauti ndogo, asilimia 48.85 kwa 50.49, na siwezi kusema ni kura ngapi zilikwenda na mkono ule ulioinuliwa juu ya wake. Nafikiri zilikuwako za kutosha.

Mjomba hakuiona 2022. Kofia yake ya jogoo ninayo mimi, na mtoto wangu aliwahi kuniuliza ni ya timu gani ya mpira. Hakuuliza kwa mzaha. KANU, chama kilichoijaza Kasarani mara mbili katika mwaka mmoja, hakijasimamisha mgombea wake wa urais tangu ule uchaguzi wa 2002.